Nani Atawaita Shambani?

Katika Injili ya Mtakatifu Mateo, sura ya 20, Bwana wetu Yezu Kristu atusimulia habari za mwenye shamba la mizabibu aliyetoka alfajiri kutafuta vibarua. Alitoka tena saa tatu, na saa sita, na saa tisa. Hata saa kumi na moja, jua likiwa karibu kuchwa, alitoka mara ya tano, akawakuta wengine wamesimama bila kazi. Alipowauliza sababu, hawakusema kwamba ni wavivu, wala kwamba hawajui kulima. Walitoa sababu moja tu: hakuna mtu aliyewaajiri. Mwenye shamba hakuwakemea. Aliwaagiza waende shambani kama wenzao.

Wengi wetu tusomapo habari hiyo hutazama ile dinari moja waliyolipwa wote, tukastaajabia ukarimu wa mwenye shamba. Ni vema. Lakini leo, wasomaji wapenzi, tutazame kwanza miguu yake. Mara tano alitoka nyumbani mwake. Kama angalikaa barazani akingoja watu waje kubisha hodi, wale wa saa kumi na moja wangalirudi kwao na njaa, na kijiji chote kingaliwaita wavivu.

Wako vijana katika parokia zetu walio kama watu hao wa saa kumi na moja. Ni vijana wenye usonji. Usonji ni hali ya ubongo ambayo mtu huanza nayo tangu utoto, akaishi nayo maisha yake yote. Hauambukizi, tena si laana wala si pepo. Wenye hali hiyo hawafanani. Mmoja hasemi kabisa. Mwenzake husema sana, lakini juu ya jambo moja tu alipendalo. Mmoja huziba masikio kelele zikizidi; mwingine hufadhaika ratiba ya siku ikibadilishwa ghafula. Wengi huona shida kumtazama mtu machoni, au kufahamu maneno ya mzaha na ya mafumbo ambayo sisi wengine twayafahamu bila kufundishwa.

Wala kosa si la mama. Katika miaka ya 1950 na 1960 wako wataalamu, tena wenye sifa kubwa, waliofundisha kwamba usonji huletwa na mama asiyempenda mtoto wake. Mafundisho hayo yalikwisha kukataliwa, lakini yaliwatoa machozi akina mama wengi wasio na hatia. Tusiyarudishe sisi kwa minong'ono ya kisimani.

Mtoto wa namna hiyo akiwa mdogo, watu humhurumia. Akifika umri wa miaka 18 au 20, ndevu zikaota, huruma huanza kupungua. Shule imekwisha, chuo hakijui la kufanya naye, mwenye duka amwogopa. Hapo ndipo mama yake, akiwa peke yake usiku, hujiuliza swali moja zito: nikifa mimi, huyu atakula nini, naye atakaa na nani? Swali hilo yatupasa kulijibu sisi sote.

Tutwae mfano mmoja wa kweli. Mwaka 1943 daktari mmoja wa Baltimore, nchini Marekani, jina lake Leo Kanner, alitoa maandishi yaliyoeleza habari za watoto 11 wenye hali hiyo. Wa kwanza katika orodha yake aliitwa Donald. Ndiye Donald Triplett, aliyezaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Alipokuwa na miaka 3 aliwekwa katika nyumba ya kulelea watoto mbali na kwao, akakaa huko karibu mwaka mmoja, akidhoofika. Mkuu wa nyumba ile aliwashauri wazazi wamwache. Wao walikataa, wakamrudisha nyumbani mwaka 1938. Baba yake, aliyekuwa mwanasheria, alimwandikia Daktari Kanner barua ya kurasa 33 kumweleza habari za mwanawe.

Mwaka 1942 wazazi walimpeleka Donald kukaa na mume na mke waliokuwa wakulima, maili kama 10 kutoka mjini. Hawa hawakuwa wasomi. Walilima ardhi ya kupanga, isiyo yao. Mtoto alikuwa na tabia ya kupima kila kitu. Wakamchimbisha kisima, wakamtaka awape habari za kina chake. Alikuwa akihesabu mistari ya mahindi, tena na tena, bila kuchoka. Wakampa plau na farasi, aihesabu hali akilima. Alikuwa akiokota ndege na wadudu waliokufa. Wakamtengea mahali pa makaburi, naye akawa akiandika juu ya kila kaburi jina la marehemu yule mdogo. Daktari Kanner alipowatembelea mwaka 1945 alistaajabia hekima ya watu wale wawili. Aliona kwa macho yake kijana akilima mistari sita mirefu na kumgeuza farasi vizuri sana. Tena alikuwa akisoma katika shule ya shamba, ambako walimu na watoto walimpokea jinsi alivyo.

Ndugu msomaji, tafakari jambo hilo. Wengine wote waliuliza jinsi ya kumwachisha mtoto kuhesabu. Mkulima yule aliuliza kitu gani shambani kinahitaji kuhesabiwa. Hapo ndipo mlango ulipofunguka.

Donald alikua, akamaliza shule, akaingia chuo cha Millsaps katika mji wa Jackson. Huko aliimba katika kwaya, akakubaliwa katika chama cha wanafunzi. Mmoja wa wenzake, ambaye baadaye alikuwa mchungaji, alijitolea kumfundisha kuogelea mtoni. Mwaka 1958 alipata shahada yake katika lugha ya Kifaransa, akarudi kwao, akawa karani katika benki ya mji. Katika benki hiyo alifanya kazi miaka ipatayo 65. Alijifunza kuendesha motokaa alipokuwa na miaka 27. Alicheza gofu karibu kila siku, akasafiri peke yake katika nchi nyingi. Alifariki tarehe 15 Juni, 2023, akiwa na umri wa miaka 89, katika mji ule ule aliozaliwa. Waandishi wawili walipokwenda Forest kutafuta habari zake, iliyochapishwa mwaka 2010, wenyeji kadhaa waliwaonya mmoja mmoja kwamba wakimdhuru Donald watajibu kwao. Mji ulimhesabu kuwa mtu wake.

Je, wale wenzake 10 walipatwa na nini? Daktari Kanner alifuatilia habari zao, akaziandika mwaka 1971. Aliona ya kuwa wale waliotiwa katika hospitali za serikali za wagonjwa wa akili walipoteza hata kile kidogo walichokuwa nacho. Kwao kuingia mle kulikuwa sawa na kifungo cha maisha. Hatusemi kwamba watoto wote walianza na nguvu sawa. Lakini twaona wazi kwamba mahali mtu awekwapo, na watu anaokaa nao, huweza kumwinua au kumzima.

Labda mtu atasema: “Donald alikuwa mwana wa matajiri. Ukoo wa mama yake ulikuwa na sehemu katika benki ile ile. Tena alikuwa mzungu katika Mississippi, ambako siku zile mtoto mweusi asingefunguliwa mlango wa chuo kile.” Ni kweli tupu, wala haifai kuificha. Fedha na rangi zilimfungulia milango iliyofungwa kwa wengine. Lakini kumbuka ni nani aliyempa plau. Hekima ile haikutoka benki. Ilitoka kwa watu wawili wasiomiliki hata ardhi waliyoilima. Watu wenye benki ni wachache katika majimbo yetu. Watu wa namna ya mkulima yule, wenye uvumilivu na macho ya kuona, tunao katika kila jumuiya.

Basi tufanye nini? Wazazi, msimfiche kijana ndani, wala msimfanyie kila kitu. Mpeni kazi ya nyumbani iliyo yake kweli, yenye saa yake, naye ajue kwamba asipoifanya itaonekana pengo. Mwangalieni apenda nini. Anayepanga vyombo kwa ukubwa wake aweza kupanga ghala. Anayekariri namba za mabasi aweza kutunza daftari. Kila jambo analorudiarudia huenda ni kisima kinachongoja kuchimbwa.

Walimu wa vyuo, vya ufundi na vya juu, mtamsaidia kijana huyo kwa mambo madogo yasiyodai fedha nyingi. Mwandikieni maagizo, msimtajie kwa mdomo tu mara moja. Kazi kubwa igawanyeni hatua kwa hatua. Mabadiliko ya ratiba mwambieni mapema. Mwonyesheni mahali pa utulivu anapoweza kupumzika kelele za karakana zikimzidi, na mwanafunzi mwenzake mmoja wa kumwuliza mambo yale ambayo hayakuandikwa popote: wapi twala, nani huketi wapi, lini inafaa kunyamaza. Wengi wao hawashindwi na masomo. Hushindwa na yale yaliyo kando ya masomo.

Waajiri, msiwapime vijana hawa kwa usaili peke yake. Usaili humpendelea mwenye maneno matamu na macho makavu. Haupimi sana mikono. Mpeni kijana wiki mbili afanye kazi yenyewe, kisha mwamue. Mteulieni mfanyakazi mmoja mwenye subira awe karibu naye siku za kwanza, kisha asogee polepole. Semeni naye wazi, bila mafumbo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 yamwagiza kila mwajiri mwenye watu 20 au zaidi ahakikishe kwamba asilimia 3 yao angalau ni wenye ulemavu. Sheria ni kama kengele ya kanisa: huwaita watu, lakini haiwabebi. Miguu ni yetu.

Tena lipeni haki. Hapo ndipo ile dinari inaporudi. Mwenye shamba wa Injili hakuwapa watu wa saa kumi na moja makombo ya sadaka. Aliwalipa mshahara wa kibarua kamili. Kumtumikisha kijana mwenye usonji kutwa nzima, kisha kumpa chupa ya soda kwa kuwa hajui kudai, ni dhambi ya kumnyima mfanya kazi ujira wake, dhambi ambayo Maandiko Matakatifu yasema kilio chake hufika masikioni mwa Mungu.

Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya kazi aliouandika mwaka 1981, alifundisha kwamba ni aibu kwa ubinadamu wetu kuwakubali katika maisha ya jamii na kazini wale tu wenye uwezo kamili. Na tarehe 22 Novemba, 2014, hayati Papa Fransisko aliwapokea Vatikani watu wenye usonji pamoja na jamaa zao, akawahimiza watu wote kuvunja upweke unaowazunguka. Hatuwezi kusema kwamba hatukuambiwa.

Hata hivyo, yafaa tuseme neno moja la mwisho, asije mzazi akavunjika moyo. Wako vijana ambao, hata wakisaidiwa vipi, hawatapata mshahara kamwe. Hao nao ni sura ya Mungu, wala thamani yao haipimwi kwa kazi ya mikono yao. Kama hawawezi kwenda shambani, basi wasiachwe peke yao. Mahali pao pawepo katika jumuiya, katika kwaya, katika benchi la mbele kanisani. Na mama yao mzee ajue majina ya watu watatu au wanne watakaokuja siku atakapokuwa hayupo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mzazi mmoja hatoshi kwa mzigo huo.

Jumapili hii, baada ya Misa, kila jumuiya ihesabu: ni vijana wangapi wa namna hii wanaokaa ndani ya nyumba zetu, nao wana umri gani? Kisha mtu mmoja, fundi cherehani, au mwenye ghala, au mfuga kuku, aondoke nyumbani kwake, abishe hodi, amwulize kijana apenda kufanya nini. Asingoje kijana aje kwake; hatakuja, maana hajui njia ya kuomba. Saa ni kumi na moja sasa, na jua halijachwa bado.