Haki ya Abiria juu ya Watu wa Mji: Khabari ya Kilosa

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Mji wa Kilosa si mgeni kwa watu wa pwani. Misafara mingi iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyamwezi ilikuwa ikifuata bonde la Mkondoa, na mizigo ikichukuliwa vichwani mwa watu, wengine kwa ujira na wengine kwa utumwa. Kisha Wajerumani wakaanza reli yao Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita Kilosa, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Na mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Dodoma, nayo ina stesheni Kilosa, na mwendo wake hufika kilomita 160 kwa saa.

Mwenye kuyasikia haya hudhani taabu ya safari imekwisha katika nchi ile. Lakini mtu hashuki stesheni akawa amekwisha fika kwake. Wako watu wa Kimamba na Rudewa, wako wa Zombo na wa Ulaya (nayo ni Ulaya ya Kilosa, si ile ya Wazungu), wako wanaokwenda Mikumi, na kila mmoja hana budi kutafuta cha kumfikisha. Akipata gari dogo, haliondoki mpaka lijae, na likijaa huongezwa watu. Akikosa, hupanda bodaboda, na usiku nauli ni ile aitakayo mwenye pikipiki. Mvua nazo zina khabari yake: mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 yaliivunja reli baina ya Kilosa na Gulwe, na safari za abiria zikakatika kwa miezi. Ikiwa chuma kilichukuliwa na maji, njia ya udongo itakuwaje?

Basi suala ni hili: taabu hii ni ya abiria peke yake, au iko shingoni mwa watu wote wa mji?

Wako wasemao barazani kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, ameiita safari kuwa ni kipande cha adhabu, basi msafiri na asubiri. Hadithi hiyo ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim, lakini wasemao hivyo wameikata katikati. Mwisho wake ni amri ya kuwa mtu akimaliza haja yake afanye haraka arudi kwa watu wake. Sababu ya adhabu imetajwa humo humo, nayo ni kuwa safari humzuilia mtu chakula chake na kinywaji chake na usingizi wake. Amri ya kuharakisha kuiondoka adhabu haiwi hoja ya kuiacha idumu.

Na Imam Nawawi katika Minhaj, alipozitaja fardhi za kifaya, ametia ndani yake kuwaondolea Waislamu madhara, kama kumvika aliye uchi na kumlisha mwenye njaa, ikiwa zaka na Baitul-mal havikutosha. Wenye kuisherehesha wakaongeza ujira wa tabibu na thamani ya dawa, na wakamwingiza na asiyekuwa Mwislamu aliye katika ahadi. Na afikiri msomaji: mwanamke ameshikwa na uchungu usiku, mbali na hospitali. Tabibu yupo na dawa ipo, ila hakuna cha kumfikisha. Ikiwa ujira wa tabibu ni fardhi juu ya wenye uwezo, itakuwaje kile ambacho pasipo nacho tabibu hana faida? Na fardhi ya kifaya ikiachwa na wote, dhambi huwapata wote walioweza, akiwamo mwenye gari lake mwenyewe ambaye hakupata kusimama juani hata siku moja.

Ama kuwashindilia watu garini, hukumu yake si ngeni. Mwenye kukodi mnyama kwa mzigo wa ratili mia akapakia mia na kumi hudaiwa ujira wa ile ziada, na mnyama akifa kwa sababu hiyo ana dhamana. Na abiria ni zaidi ya mnyama. Aliyelipa nauli ya kiti amekodi kiti, na mwenye gari akimpakatisha mtoto wa mtu mwingine amekiuza kiti kimoja mara mbili. Hili madereva hawapendi kulisikia, wala abiria hawasemi, kwa khofu ya kushushwa njiani.

Kutimiza fardhi hii si kazi ya mtu mmoja, wala si kunung'unika. Leseni za magari ya abiria na nauli zake ziko mikononi mwa LATRA, iliyoundwa mwaka 2019. Barabara za vijijini ziko kwa TARURA tangu 2017. Na kila kata ina diwani wake. Watu wakikusanyika wakaandika kwamba wanataka gari liondokalo kwa saa maalumu, lijae lisijae, na liingoje treni, na nauli ibandikwe stendi kwa maandishi, wamekwisha anza kujivua dhambi. Na wenye mali wana mlango mwingine. Wakfu wa chombo cha kupandwa unasihi katika madhehebu ya Shafi, kama unavyosihi wakfu wa mnyama. Basi gari moja la wagonjwa lililowekwa wakfu, na shamba dogo la kulilipia mafuta na dereva, si jambo zito kwa watu wanaojenga misikiti miwili katika mtaa mmoja.

Limebaki suala la mwenye bodaboda anayegongewa mlango usiku wa manane kwa ajili ya mgonjwa. Yeye hukumu yake ni ya mwenye chakula mbele ya aliyedharurika: yampasa ampakie, na hapaswi kumpakia bure. Ana haki ya nauli ya mfano wake, taslimu ikiwapo, na isipokuwapo basi ni deni, hulipwa kukicha.