Mamlaka ya Kutenga na Wajibu wa Kurudisha

Sura ya 13 ya Mambo ya Walawi inamweka kuhani mbele ya ngozi ya mtu mwenye doa. Anatazama: nywele za mahali pale zimegeuka nyeupe? Doa limezama ndani kuliko ngozi? Akiwa na shaka hahukumu. Humtenga mtu huyo siku 7, humtazama tena, na doa lisipoenea huongeza siku 7 nyingine. Muda wote huo hampi dawa. Kuhani hakuwa tabibu. Basi kazi yake ilikuwa nini?

Kazi yake ilikuwa kutamka. Doa lilikuwapo kabla hajafika, lakini unajisi ulianza aliponena. Sheria ya nyumba inalionyesha hilo waziwazi: madoa yakizuka ukutani, kuhani huagiza vyombo vitolewe kabla hajaingia, visije vikahesabiwa najisi. Ukuta ni uleule, madoa ni yaleyale. Kinachotofautisha ni hukumu. Mishna, yaani sheria za mapokeo ya Kiyahudi zilizokusanywa mwanzoni mwa karne ya 3 BK, inakwenda mbali zaidi: mjuzi asiye kuhani aweza kulichunguza doa, lakini tamko ni la kuhani, hata kama yeye mwenyewe hana ujuzi na inabidi aambiwe la kusema. Elimu ni kitu kimoja, mamlaka ni kingine.

Kwa nini neno zito hivyo, linalomtoa mtu katika kambi ya Waisraeli akiwa na nguo zilizoraruliwa, likabidhiwe kuhani peke yake? Naamini ni kwa sababu hukumu ya kutenga ikikosa mwenyewe, kila mtu huitoa. Jirani mwenye hofu huitoa, na mwenye kinyongo pia. Uvumi haungoji siku 7, wala hakuna wa kumwendea kumwomba atazame upya. Kuhani anajulikana, na hukumu yake ina masharti.

Sheria hiyo haikuwa na faraja kwa asiyepona. Wakoma wanne wa langoni Samaria, katika Wafalme wa Pili, walikaa nje wakati wa njaa wakijadiliana wafie wapi. Lakini kwa aliyepona, sura ya 14 ya Mambo ya Walawi inamdai kuhani kwa ukali. Mtu huyo haruhusiwi kuingia kambini, kwa hiyo kuhani ndiye anayetoka kumfuata. Ndege mmoja huchinjwa juu ya chombo cha udongo chenye maji ya chemchemi. Wa pili huchovywa katika damu ile, kisha huachiwa aruke. Siku ya 8 kuhani humpaka mtu huyo damu kwenye ncha ya sikio la kulia, kidole gumba cha mkono wa kulia na kidole kikubwa cha mguu wa kulia. Ndipo hapohapo Haruni na wanawe walipopakwa walipowekwa wakfu kuwa makuhani. Aliyetengwa hurudi na alama ya aliyemtenga. Maskini hupunguziwa sadaka, ili ufukara usimzuie kurudi.

Jamii haiwezi kuishi bila watu wenye mamlaka ya kutenga: wapo hospitalini, shuleni, mahakamani na katika nyumba za ibada. Kipimo chao kiwe sura ya 14. Asiye tayari kutoka nje kumfuata aliyemtenga asipewe mamlaka ya kumtenga.