Nani Alidhaniwa Hatatazama?

Kuna watu wanaopenda filamu kwa sababu ya makosa yake. Braveheart ya mwaka 1995 ni karamu yao: Waskoti wamevaa sketi ambazo watu wao walianza kuvaa karne kama tatu baadaye, halafu Vita vya Daraja la Stirling vya 1297 vinapiganwa uwanjani, bila daraja. Ni kama mtu akusimulie Garissa na asahau kabisa daraja la Tana. Nacheka pia. Lakini kuna swali nyuma ya kicheko hiki: kosa la filamu ni kosa tu mpaka wapi, na linaanza kuwa dhuluma wapi?

Wengi watasema inategemea ukubwa wa kosa. Mimi sikubali. Daraja zima limepotea na hakuna aliyeumia.

Chukua Black Hawk Down ya Ridley Scott, iliyotoka mwaka 2001, kuhusu mapigano ya Mogadishu ya tarehe 3 na 4 Oktoba 1993. Ilipigwa Moroko. Helikopta ni za kweli, za jeshi la Marekani. Waigizaji wa upande wa wanajeshi walipelekwa Fort Benning wafundishwe kushika bunduki na kutembea kama askari. Sasa njoo upande wa pili. Osman Ali Atto, mfadhili wa Jenerali Aidid, anaigizwa na George Harris, Muingereza mzaliwa wa Grenada, akivuta sigara kubwa za kitajiri. Atto mwenyewe alikuwa bado hai. Aliiambia BBC kwamba hakuna mtu aliyemuuliza chochote, na kwamba hakukamatwa vile filamu inavyoonyesha. Kumbe mtu wa kuulizwa alikuwepo.

Kwa hivyo tusiite huu uzembe. Mzembe hukosea kila mahali. Hapa uangalifu ulikuwepo, ila uligawanywa: upande mmoja ukapata mafunzo, upande mwingine ukapata sigara. Anayegawa uangalifu hivyo ameshaamua nani atakaa kwenye kiti cha sinema na nani hatafika. Ilhali mwaka 1993 kambi za Dadaab zilikuwa zimefunguliwa tayari, tangu 1991, kilomita kama 100 kutoka Garissa mjini. Watu waliokimbia Mogadishu walikuwa hapa hapa. Wangetazama, na wangejua.

Na kuna jambo ambalo hata msaka makosa hodari hatalipata. Mwisho wa filamu tunaambiwa Wasomali zaidi ya 1,000 walikufa, na Wamarekani 19. Kisha yanakuja majina. Ya Wamarekani. Hakuna sentensi ya uongo hapo ya kuandikia barua ya malalamiko. Lakini wafu wa upande mmoja wamepewa majina, na wafu wa upande wa pili wamepewa hesabu.

Utaniambia, wacha bwana, ni filamu tu. Nilipokuwa chuoni Nairobi, kabla sijaacha masomo, jamaa niliyeishi naye chumba kimoja aliniuliza kama kwetu watu hubeba bunduki wakienda sokoni. Hakuwa na ubaya. Alikuwa tu ameziona filamu. Mimi nilijibu nikacheka, yakaisha. Lakini swali hilo hilo likiwa kichwani mwa askari kwenye kizuizi cha barabarani, au mwenye nyumba anayetafuta mpangaji, halitaisha kwa kicheko.

Sisemi kila Msomali aigizwe na Msomali. Katika Out of Africa ya 1985, Farah Aden, Msomali, aliigizwa na Malick Bowens wa Mali, na alimpa heshima yake. Kuigiza ni kuvaa maisha ya mwingine. Pasipoti si hoja.

Wala sisemi msanii asitunge. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, magaidi walisimamisha basi la kwenda Mandera wakataka abiria Waislamu na Wakristo watenganishwe. Waislamu wakakataa. Wengine walikuwa wamewapa wenzao hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Katja Benrath, Mjerumani, akiwa bado mwanafunzi, alitengeneza kisa hicho kuwa filamu fupi, Watu Wote, yenye Kiswahili na Kisomali. Mhusika wake mkuu, Mkristo aitwaye Jua, ametungwa. Ukihesabu makosa, hilo ni kubwa kuliko sigara ya Atto. Lakini abiria wa basi lile wangeweza kuitazama wakasema: ndiyo, ni sisi.

Kipimo changu basi ni hiki. Unayemsimulia akifungua mlango katikati ya filamu, akaketi karibu nawe, utaendelea kuicheza, au utatafuta rimoti?

Kipimo hiki si cha Hollywood peke yake. Siku hizi kijana yeyote wa Garissa mwenye simu anatengeneza video, na mimi naandika hadithi. Ng'ambo ya mto kuna Wapokomo na Waorma. Kule Ijara kuna Waboni. Vichekesho vyetu kuwahusu tunavisimulia kwa sauti kubwa, tukiamini hawapo. Nao pia wana simu.