Ukicheka na Nyani: Ni Kicheko Gani Kilichokatazwa?

Katika mkutano mmoja wa wakulima wa korosho, huko Tandahimba, mzee mmoja aliyesimama kudai malipo yake aliuliza kwa sauti ya upole: korosho zetu zilipanda lori, je, fedha zake zaja kwa miguu? Watu wakaangua kicheko. Naye kiongozi aliyekuwa mezani, badala ya kulijibu swali, akakunja uso na kuitoa ile methali ambayo siku hizi imekuwa rungu mikononi mwa kila mwenye cheo kidogo, kwamba ukicheka na nyani utavuna mabua. Kikao kikanyamaza, na swali likafa pale pale.

Hivyo ndivyo itumikavyo sasa. Mwalimu huitaja kabla ya kuinua fimbo, afisa huitaja anapomnyima karani wake ruhusa, na baba huitaja ili watoto wamwogope. Wote wakidai kwamba wahenga walikataza kucheka, ati kicheko humpunguzia mkubwa hadhi na kumpa mdogo kiburi. Mimi nakataa, kwani fahamu hiyo imeivua methali insafu yake na kuivika ghururi ya wenye vyeo.

Aliyewahi kuamia mahindi au mtama katika mashamba ya Newala, akakaa dunguni tangu alfajiri na kopo la kugonga na kombeo mkononi, ajua kwamba dunguni hapakosi kicheko. Watoto hutaniana, huiga mwendo wa wazee, na hata kuwaiga nyani wenyewe jinsi wanavyojikuna. Na kopo lingali likigongwa. Shamba halipotei kwa kuwa mtoto amecheka, bali kwa kuwa ameliona hindi la kwanza likivunjwa akacheka, akaliona la pili akacheka, ilhali ajua fika kwamba wajibu wake saa ile ni kupiga kelele. Kilichokatazwa, basi, ni kicheko kinachokalia kiti cha neno lililopasa kusemwa. Na mwenye kucheka huku akilisema neno lake hakutajwa kabisa katika methali hii.

Kama kicheko chenyewe ndicho kingekuwa kosa, utani ungalikwisha kutuangamiza. Babu na mjukuu wake hutaniana mchana kutwa na heshima haivunjiki. Msibani, mtani huigiza mwendo wa marehemu, akataja ubahili wake na madeni aliyoyaacha, mbele ya wafiwa wenye machozi, na hapana amkasirikiaye, maadamu kila mtu ajua kwamba yale yasiyoweza kutamkwa kwa uso mkavu hupitishwa kwa mlango wa mzaha. Mapiko, yaani vinyago vya ngoma vya Wamakonde, nayo ni vivyo hivyo. Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig, aliyefika Newala mwaka 1906, alivikuta vinyago hivyo akavichukua kwenda kwao. Na ng'ambo ya Ruvuma wachongaji wa Kimakonde waliwahi kumfanya hata mkoloni wa Kireno kuwa kinyago cha kuchekesha, wakati ambapo kumkosoa waziwazi kulikuwa hatari. Hicho ni kicheko kinachogonga kopo, na yule mzee wa korosho alikuwa akiligonga la kwake.

Kicheko cha namna ya pili ndicho kinihuzunishacho, nacho chazaliwa na woga. Tusidhani kwamba kila achekaye amefurahi. Tarehe 30 Januari 1962, haijatimia miezi miwili tangu Uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya misheni ya Kashasha, upande wa Bukoba, walianza kucheka wasiweze kujizuia. Maradhi yakaenea hata kuwapata wanafunzi 95 kati ya 159, na mwezi Machi shule ikafungwa. Waganga Rankin na Philip, walioichunguza habari ile, hawakuona sumu wala vijidudu, wakakata shauri kwamba ni msukosuko wa nafsi. Wale watoto walilia na kuhangaika katika kucheka kwao, furaha haikuwamo. Baadaye Mmarekani Robert Provine, aliyeyasikiliza mazungumzo ya watu njiani na madukani, alionyesha kwamba vicheko vyetu vingi havifuati kichekesho chochote, na kwamba aghalabu msemaji hucheka zaidi kuliko msikilizaji. Twacheka ili tukubaliwe, na mara nyingi ili tusidhuriwe.

Hapo ndipo nyani anapopata mwanya. Mkubwa atoapo mzaha wa kumdhalilisha mjane, barza nzima hucheka, seuze walio chini yake kazini. Mtu husimulia jinsi alivyopunja mizani, nasi twampiga begani. Kijana azimalizapo fedha za msimu mzima katika kamari ya simu, wenziwe humfanya hadithi ya kuchekesha, na mjomba wake, ambaye kwa desturi ya Kimakonde ana haki ya kumkemea kuliko hata babaye, hucheka nao kwa kuwa aona haya kuitwa mzee wa kale. Dini imelihesabu tabasamu usoni mwa ndugu kuwa sadaka. Lakini tabasamu la kumwacha ndugu aangamie ni unafiki, na mwenye kulitoa asitaraji thawabu.

Wajomba wa Newala, Masasi na Tandahimba, minada ya korosho huanza mnamo Oktoba. Kabla fedha hazijafika mikononi mwa wapwa zenu, waiteni barazani mkawaambie wazi lile mnalolijua na kulinyamazia. Kisha mkitaka kutaniana nao hata usiku wa manane, tanianeni.