Nani Amdai Mwenziwe?

Hapa Gerezani twasikia mara nyingi neno hili: "Yule ni mnyonyaji, anaishi kwa jasho la ndugu yake." Tuseme mzee huketi barazani mchana kutwa, na mdogo wake mwenye duka Kariakoo humlisha na kumvika. Majirani humhesabia mzee kila kibaba cha unga. Je, hesabu hiyo ni ya haki? Na tutazame juu, maana huko nako wako wawili wa namna hiyo.

Tarehe 12 Desemba 1970 Waitalia walirusha chombo cha Wamarekani kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi. Siku ile Kenya ilitimiza miaka 7 ya kujitawala, kwa hiyo chombo kikaitwa Uhuru. Kazi yake ilikuwa kutafuta nyota zitoazo mionzi ya eksirei, ambayo hewa ya dunia huizuia isitufikie.

Nyota mojawapo ni Centaurus X-3. Mionzi yake ilipiga kama moyo, pigo moja kila sekunde 5 kasoro kidogo. Tena kila baada ya siku 2 na saa 2 hivi ilitoweka karibu nusu siku, kisha ikarudi. Wataalamu wakatambua kwamba inapatwa, kama jua lipatwavyo: iko nyota nyingine kubwa ambayo huizunguka na kufichwa nyuma yake.

Upana wa nyota hii ndogo ni kama kilometa 20 tu, ingeenea katika mji wetu wa Dar es Salaam, ingawa uzito wake wapita wa jua. Mng'ao wake hautoki kwake mwenyewe. Gesi ya yule mkubwa, mwenye uzito wa majua kama 20, huvutwa na mdogo, huanguka kwa nguvu, na katika kuanguka hupata joto kali litoalo mionzi ile. Aonaye hayo atasema, "Tazama mnyonyaji!"

Lakini wataalamu hutufundisha kwamba hapo kale huyu mdogo ndiye aliyekuwa mkubwa. Alipozeeka alivimba, gesi yake ikammiminikia mwenzake, hata mwenzake akanenepa. Kisha akalipuka, ikabaki kokwa hii ndogo. Basi alishwaye leo ndiye aliyelisha jana.

Nyota hazina nia, wala hazisifiwi wala hazilaumiwi. Sisi tunayo nia. Yule mzee wa barazani labda ndiye aliyeuza shamba lake ili duka lile lifunguliwe. Aonaye ya leo tu ameona nusu ya hesabu. Hatusemi kwamba kila apokeaye ana haki. Yuko na mvivu asiyetoa kitu kamwe. Lakini kabla ya kumpa mtu jina baya, yatupasa kuuliza kwanza: jana nani alimlisha nani? Nawe mwenye duka, utoapo kibaba usikiite fadhili upesi. Huenda ni deni.