Nyati wa Chuma

Kabla sijaigusa bunduki yenyewe, ilibidi kwanza niwe mwindaji. Sheria ya Marekani inamkataza mgeni aliyeingia kwa viza ya matembezi kushika silaha ya moto, ila inamwachia kijia kimoja: awe na leseni ya kuwinda. Basi mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pili, akanikatia leseni kwa simu tukiwa mezani tunakunywa chai, upesi kama mtu anayenunua luku. Akaichapa, nikaikunja, nikaitia mfukoni. Marehemu babu yangu aliwinda miaka arobaini kwenye kingo za Rufiji na hakuwahi kuiona karatasi ya namna hiyo. Alichokijua yeye ni njia za kumkwepa Bwana Nyama. Mjukuu wake, ambaye hajawahi kuua hata kwale, sasa ndiye mwindaji halali wa ukoo mzima.

Tulitoka Denver alfajiri tukashuka kusini zaidi ya saa tatu hadi Raton, mji mdogo wa New Mexico uliokaa pale nyika za nyasi zinapogota kwenye milima. Nje kidogo ya mji pana uwanja uitwao Whittington Center, ekari 33,000 zilizotengwa tangu 1973 kwa ajili ya watu wa bunduki. Njiani nilikuwa nimejiandaa kukutana na watu wenye sura za vita. Nikakuta wazee wenzangu kwenye viti vya kukunja, chupa za kahawa miguuni, mke wa mmoja wao akifuma sweta huku kaziba masikio. Ungewaona kwa mbali ungesema wamekuja kuvua samaki.

Bunduki yenyewe ililala ndani ya sanduku lenye godoro lake, kama zeze la mtu mwenye mapenzi na zeze. Ni ya Accuracy International, kampuni ya Portsmouth, Uingereza, iliyoanza 1978. Mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Malcolm Cooper, mlenga shabaha aliyechukua dhahabu ya Olimpiki Los Angeles 1984 na tena Seoul 1988. Bei mkwe alinitajia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja maradhi: pamoja na darubini iliyo juu yake, dola elfu kumi hivi. Nikapiga hesabu kimoyomoyo, maana hesabu hiyo haiachiki ukiwa umezaliwa kwetu. Zaidi ya shilingi milioni ishirini na tano. Pikipiki nane mpya za bodaboda, na chenji ya mafuta.

Nayo haina urembo wowote wa kukufanya useme pesa imeonekana. Hakuna mbao, hakuna nakshi. Ni chuma na alumini iliyopakwa rangi ya udongo, uzito wa kilo saba au nane, miguu miwili mbele, kitako kinachorefushwa na kufupishwa kwa vifundo. Nilichokiona kwanza ni bolti. Nilipoivuta ilirudi nyuma kama droo ya sonara, bila kukwaruza, bila kucheza. Nikaivuta na kuisukuma mara tano sita, bila risasi, mkwe akinitazama kwa tabasamu la mtu anayekuona unaonja pilau yake.

Bunduki niliyoijua mimi ilikuwa ya namna nyingine. Nilipitia JKT miaka ya themanini, enzi zile ambazo kila aliyemaliza kidato cha sita alikwenda kwa lazima. Siku ya shabaha kila kuruta alipewa SAR na risasi tano zilizohesabiwa, na baada ya kupiga tulitambaa nyasini kutafuta maganda, kwa kuwa ganda likipungua hakuna wa kulala. Kitako kilinipiga bega likavimba wiki nzima. Afande alitufundisha jambo moja ambalo halijanitoka: usivute kifyatulio, kifinye, kama unavyokamua ndimu kwenye mchuzi. Risasi zangu tano zilikwenda zinakokujua zenyewe. Lakini bega liliuma, na lile bega ndilo lililoniambia kwamba nimefanya jambo.

Raton nililala kifudifudi kwenye mkeka wa turubai, kitako begani, kifuko cha mchanga chini yake. Ndani ya darubini dunia ikawa duara moja, na katikati ya duara, kwenye mteremko wa kilima, amesimama nyati mweupe. Ni pande la chuma lililokatwa kwa umbo na ukubwa wa nyati wa Marekani, yule mwenye nundu na manyoya ya shingoni, likapakwa chokaa lionekane. Kwa macho matupu alikuwa punje ya mchele. Kwa darubini niliona mahali rangi ilipobanduka kwa risasi za wenzangu, na mbele yake hewa ikichezacheza, mazigazi yale ya barabara ya lami saa saba mchana.

Mkwe akapima kwa leza: yadi 1,123. Kilomita moja na mita ishirini na kitu. Akainua kidude chenye kifeni, kikasoma upepo, joto na uzito wa hewa, maana Raton iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari na hewa nyepesi haimkawizi mpita njia. Simu ikafanya hesabu, akazungusha kirungu cha darubini, tiki tiki tiki, mikato themanini na zaidi. Nikauliza kwa nini mingi hivyo. Akanieleza jambo ambalo afande hakuwahi kunieleza: risasi haiendi moja kwa moja. Inaanza kuanguka mara tu inapotoka, kama embe lolote. Ile ya gramu tisa tuliyotumia hutoka kwa mwendo wa mita 800 na zaidi kwa sekunde, na hata hivyo ikifika kwa nyati imeshuka karibu mita tisa. Kwa hiyo mtutu haumwelekei nyati hata kidogo. Umeelekea hewani juu yake, kimo cha mnazi. Na upepo wa kawaida tu, ule unaopeperusha kanga kwenye kamba, unaweza kuisukuma pembeni zaidi ya urefu wa mkono.

“Usivute, Baba,” akasema. “Finya.”

Duniani kote maafande ni ukoo mmoja.

Nikapumua, nikaachia nusu, nikafinya. Kifyatulio hakikunipa onyo. Ulikuja mshindo, kile kipunguza mtikisiko kilichofungwa mdomoni mwa mtutu kikarusha vumbi kulia na kushoto, na duara la darubini likayumba kidogo tu, likatulia palepale, nyati akiwa bado katikati. Nikapata muda wa kumtazama. Halafu vumbi likaruka kushoto kwake, kwenye majani, kama kuku aliyeparua. “Upepo,” akasema mkwe, na kunipa nukta ya kusogea.

Ya pili nilifinya nikasubiri. Risasi ilichukua sekunde moja na nusu na ushee kufika. Doa la kijivu likatokea begani kwa nyati, kimya kabisa. Ndipo sauti ikaanza safari ya kurudi, na sauti ni mvivu, ilihitaji sekunde tatu nyingine. Nilikwisha kuvuta bolti, ganda limeshadondoka mkekani, ndipo iliponifikia: ngeee, nyembamba, ya mbali, sawasawa na kengele ya shule yetu ya msingi, lile rimu la lori lililoning'inia mwembeni.

Sitadanganya. Nilifurahi furaha ya kitoto. Nilicheka peke yangu uso ukiwa umebanwa kwenye kitako. Nikapiga ishirini, kila moja zaidi ya dola mbili, nikampata nyati mara kumi na tatu, mimi niliyekosa ubao wa JKT ulio karibu kiasi cha kuusoma maandishi. Mzee mmoja jirani akanipungia kofia. Nilijiona kijana.

Usiku, kwenye chumba cha moteli, nilibonyeza bega langu nikitafuta mahali panapouma. Hapakuwepo. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Nilikuwa nimemfikiria nyati. Waliomweka pale wanaijua historia ya nyika ile kuliko mimi, na sidhani wanaificha. Nyati wa Marekani walihesabiwa kwa makumi ya mamilioni. Kufikia mwisho wa miaka ya 1880 hawakufika elfu moja. Kazi kubwa ilifanywa miaka ya 1870 na wawindaji wa ngozi waliokuja na bunduki nzito za Sharps, zenye uwezo wa kupiga mbali kuliko chochote kilichokuwa kimeonekana huko. Hawakuwakimbiza wanyama. Walikaa chini mahali pamoja, yadi mia mbili tatu, wakampiga kiongozi wa kundi kwanza. Wengine hawakukimbia. Walimnusa aliyeanguka, wakazungukazunguka, wakaendelea kula, maana hatari waliyoumbwa kuitambua ina harufu na ina miguu, na hii haikuwa na kimojawapo. Mtu mmoja aliweza kuangusha makumi bila kuinuka alipoketi. Makabila yaliyoishi kwa nyati yaliona. Juni 1874 Wakomanchi, Wacheyenne na Wakiowa wakaivamia kambi ya wawindaji hao pale Adobe Walls, Texas, na humo ndimo Billy Dixon, mmoja wa wawindaji hao, alipompiga mpanda farasi kutoka umbali unaotajwa hadi leo kuwa yadi 1,538. Mwenyewe alisema ilikuwa bahati tu. Siku hizi bahati yake inauzwa kwenye sanduku lenye godoro. Novemba 2009, kule Helmand, Afghanistan, askari wa Uingereza Craig Harrison aliwapiga wapiganaji wawili wa Taliban kutoka mita 2,475 kwa bunduki ya kampuni hiyohiyo ya Portsmouth. Mita hizo kwa miguu ni nusu saa.

Kwetu pia tunalo kaburi la mtu aliyedunguliwa. Frederick Selous, Mwingereza ambaye pori letu lilibeba jina lake hadi sehemu yake kubwa ilipoitwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, alianza kuwinda tembo kusini mwa Afrika kwa bunduki za kushindilia, akiwaendea kwa miguu. Alikufa Beho Beho, Januari 4, 1917, akiwa na miaka 65, kwa risasi ya mdunguaji wa upande wa Wajerumani. Inasimuliwa kwamba alikuwa ameinua kichwa atazame ilikotoka.

Babu alizaliwa upande ule. Gobole lake lilikuwa bomba la usukani wa Land Rover lililofungwa kwa waya kwenye mti wa mninga. Alimimina baruti, akashindilia kwa makumbi, akatia vipande vya nondo, akashindilia tena, akapachika fataki. Risasi moja, na uombe isilipuke kwenye shavu lako. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikuwepo, na hakuna mtoto aliyethubutu kuuliza. Kipima upepo chake kilikuwa kifuko cha majivu: alitikisa, akatazama vumbi linaelekea wapi, akazunguka hata saa nzima ili asinuswe. Alikuwa akimfuata kuro mpaka anasikia tumbo lake likinguruma.

Nilidhani alisogea hivyo kwa sababu gobole halifiki mbali. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyewahi kunisahihisha. Babu alikuwa mtu wa swala tano, na nyama asiyoiwahi kwa kisu ikiwa na uhai hakuila wala hakuigawa. Umbali wake wa kupiga ulikuwa umbali wa kukimbia na kisu. Baada ya mshindo hakusubiri moshi ukae. Alikuwa ameshatupa gobole na kukimbia ndani ya moshi huohuo, kumwendea mnyama anayerusha mateke, na huko akapiga bismillahi na kumshika shingo. Akichelewa, alimwacha. Alirudi nyumbani na njaa na damu mikononi, akaoga, asiseme na mtu hadi kesho yake.

Nilikaa kitandani Raton nikajaribu kumweka babu kwenye ule mkeka wa turubai. Angeipenda ile bolti, hilo sina shaka. Angeivuta kama nilivyoivuta. Halafu angeuliza swali ambalo kidude chenye kifeni hakina jibu lake.

Saa mbili usiku ya Raton ni saa kumi na moja alfajiri kwa kaka, kijijini Mloka. Nikampigia.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba. Mbona sauti inachelewa hivyo? Uko wapi?”

Nikamweleza: safari, leseni, bunduki, bei. Bei nilimtajia kwa pikipiki. Akapiga mluzi. Nikamwambia nimempiga nyati, kilomita nzima, mara kumi na tatu.

Kimya kikapita, cha kwake na cha mitambo.

“Kilomita,” akasema. “Na mlimuwahi?”

“Nyati wa chuma, kaka. Ni bati nene. Ukimpata analia.”

“Aa.” Akacheka kidogo, kisha akakohoa. “Basi sawa. Huku tembo wameingia kwenye mpunga juzi, na jana tena. Vijana wako juu ya dungu toka usiku. Hebu ngoja.”

Nikasikia simu ikiwekwa chini, mlango, nyayo zikienda mbio. Halafu kutoka upande ule wa dunia, kwa kuchelewa kidogo, debe likaanza kugongwa.