Maji Tunayowawekea Nyama wa Pori: Ni Ukarimu ao ni Mtego?

Katika vijiji vyetu, mgeni akifika, hatumwulizi kwanza anatoka wapi wala anataka nini. Anapewa kiti, anapewa maji. Akiisha kunywa, ndipo mwenye nyumba anauliza: "Habari ya huko?" Hata kama ni mtu tuliyegombana naye juu ya shamba ao juu ya ndoa, ile kikombe ya maji inatangulia maneno. Na tangu amekunywa, hakuna mtu mwenye akili atakayemgusa ndani ya lupango.

Tunaanza na desturi hiyo kwa sababu tunataka kuuliza swali ambalo wasomaji wengine wataona ni la kuchekesha. Je, maji ya mgeni yana nguvu hiyo hata kama anayekunywa ni nyama wa pori? Mtu mwenye ferme, akiweka birika la maji kwa ajili ya paa na tohe wakati wa kipwa, amewaahidi kitu? Ao birika lake ni mtego kama mitego mingine, tofauti tu kwamba badala ya kamba kuna maji?

Swali hili hatukulitoa katika vitabu. Tulikuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, mwaka 1992, wakati wa Zaire, mwaka mmoja kiisha uporaji ule wa 1991 ambao kila mzazi anaukumbuka. Baba mkubwa wetu alikuwa mchungaji katika ferme moja ya ng'ombe, kwenye tambarare za juu za Katanga. Likizo kubwa ilipofika, tulitumwa kwake.

Wanaojua tambarare zile wanajua pia namna zilivyo mwezi wa nane na wa tisa. Mvua ya mwisho ilinyesha mwezi wa nne. Majani yameungua, upepo unabeba majivu, na maji yanabaki chini mabondeni. Ferme ilikuwa na pompi ya mazutu yenye kuvuta maji toka bondeni mpaka birika la ng'ombe, ndani ya ua. Birika lilipojaa, maji yalimwagika na kufanya matope. Baba mkubwa alichimba mfereji mdogo, akayapeleka yale ya kumwagika mpaka nje ya ua, kwenye nusu ya pipa aliyoifukia katika udongo, mdomo wake sawasawa na ardhi. Ndani ya pipa alipanga mawe kama ngazi. Tulimwuliza mawe ni ya nini. Akatuambia kwamba ndege na panya wa pori wakiingia kunywa wanashindwa kutoka, wanakufa humo, na kesho yake maji yananuka, hakuna anayekunywa tena. Baadaye, tukiisha kuwa mwalimu, tulisoma kwamba mafundi wa nchi za mbali wanaweka pia ngazi namna hiyo katika mabirika yao. Baba mkubwa hakusoma mahali popote.

Jioni, ng'ombe wakiisha kuingia, tulikaa naye juu ya kichuguu, upande ambao upepo haupeleki harufu yetu. Wa kwanza walikuwa kanga na kwale. Kiisha ngiri na watoto wake, mikia juu. Mwishoni, giza likikaribia, tohe watatu. Jike alikunywa kidogo, akainua kichwa, akasikiliza, akakunywa tena. Baba mkubwa hakusema neno. Kwa mtoto wa mjini, ilikuwa sinema.

Lakini wafanyakazi wa ferme walikuwa na miezi mitano bila mshahara. Mlinzi, mwenye bunduki, alisema jambo ambalo hata leo hatuwezi kuliita la kijinga: "Nyama banatufwata benyewe mpaka pa mulango, na sisi tunalala njala?" Usiku mmoja tulisikia mlio mmoja tu. Kesho yake sufuria zilijaa katika kila nyumba. Hatutaki kumdanganya msomaji: tulikula. Ilikuwa tamu, na tulikuwa hatujaonja nyama tangu Pasaka. Baba mkubwa peke yake alichukua bukari yake na lengalenga, akakaa kando. Tulipomwuliza kama ni mgonjwa, akajibu: "Mutoto, ile mayi nilibapatia bo. Haina mutego."

Siku kumi hatukuona alama ya mguu hata moja. Kiisha walirudi, wawili, kwa sababu hapakuwa na maji mengine karibu na kiu iliwashinda woga. Mmoja wao akauawa. Halafu mazutu ikakwisha. Ng'ombe walipelekwa kunywa bondeni, mwendo wa saa mbili, na pipa likakauka. Baba mkubwa alibeba maji kwa kinga, bido mbili za litri ishirini, siku nne ao tano, akachoka, akaacha. Asubuhi tuliona alama za miguu midogo ikizunguka pipa kavu, na mahali ambapo mdomo ulilamba chuma. Hapo ndipo alisema neno lingine, ambalo lilitushangaza kuliko lile la kwanza: "Kosa ya kwanza ni yangu. Nilibazoeza."

Makosa mawili, basi: la bunduki, na la kuzoeza. Watu wengi wanaona la kwanza tu.

Juu ya bunduki, wawindaji wana jibu lao, na tumelisikia mara nyingi. Wanasema: tangu babu zetu, mwindaji anangojea karibu na maji, sababu ndipo nyama anapopita. Nani aliita hiyo uovu? Ni kweli. Lakini kijito hakikuwekwa na mwindaji. Nyama anayekuja kunywa mtoni anajua hatari ya mto, mama yake alimfundisha, na mwindaji naye ni mmoja wa hatari hizo, pamoja na simba na mamba. Birika ni kitu kingine. Limewekwa na mtu, limejazwa na mtu kila siku, na kila siku ambayo hakuna kinachotokea inamfundisha nyama kwamba hapa pana usalama. Mwenye birika amejenga usalama huo kwa mikono yake, kiisha anautumia kuua. Hata sheria za nchi nyingine zimeona tofauti. Tanzania, katika sheria yake ya wanyamapori ya mwaka 2009, inakataza kuwinda karibu na maji ya kudumu na mahali nyama wanapolamba chumvi.

Wengine wanatuambia kwamba ahadi inataka watu wawili wenye kuelewana. Tohe haelewi, basi hakuna ahadi. Wenzetu waliosoma filozofia wanapenda sana jibu hilo. Sisi tunauliza: mtoto mchanga anayelala mgongoni mwa mama anaelewa nini? Hajui neno ahadi. Lakini mama akimwangusha kwa kupenda, hakuna atakayesema kwamba hakukuwa na mapatano. Imani ya yule asiyeelewa ndiyo inayotufunga zaidi, kwa sababu yeye hana njia ya kutushtaki.

Tunajua kwamba huko Texas, Marekani, wenye ferme kubwa wanaweka mabirika kwa ajili ya swala wa kwao, wale wenye pembe za matawi, na wengi wao wanalipisha wageni wanaokuja kuwinda katika ardhi yao. Wanasema wazi: tunawapa maji sababu tunawavuna, kama vile mkulima anavyomwagilia mahindi. Angalau hawajifichi. Na bila faida hiyo, labda wengine wangetaka ardhi yote ikae na ng'ombe peke yao. Hatuwezi kuwatukana. Lakini mahindi hayainui kichwa na kusikiliza kabla ya kunywa. Mtu akitaka kuvuna, avune mbali na birika. Ardhi ya Texas si ndogo.

Kosa la pili, la kuzoeza, ndilo gumu, maana linaanza na moyo mwema. Huko Zimbabwe, hifadhi ya Hwange ilianzishwa mwaka 1928 mahali ambapo maji ya kiangazi ni haba. Tangu miaka ya 1930 walichimba visima na kuweka pompi. Tembo waliongezeka mpaka makumi ya maelfu, na leo, kiangazi kikiwa kikali, uhai wao unategemea mashini. Mwaka 2019 ukame ulipoua tembo zaidi ya mia mbili nchini humo, wengi walikuwa wa Hwange. Wengine walikufa karibu na maji, sababu majani ya kula kandokando ya maji yalikuwa yamekwisha. Kila aliyeona nyama wakikusanyika penye birika anajua duara ile ya vumbi inayolizunguka. Maji unaweza kuyapandisha kwa pompi, majani hapana.

Mfano wa Kruger, Afrika ya Kusini, unatufundisha zaidi. Huko pia walichimba visima mamia, kwa huruma. Upande wa kaskazini wa Parke ile palikuwa pakavu, na pale aliishi korongo, yule paa mkubwa kama farasi, mwenye pembe za kupinda nyuma, ambaye wazee wa Katanga wanamjua pia. Maji yalipofika, punda milia na nyumbu walikuja wengi, na nyuma yao wakaja simba. Korongo walikuwa karibu 450 mwaka 1986; mwaka 1993 walibaki karibu 45. Ukame ulichangia, lakini wataalamu walisadiki kwamba wale majirani wapya na simba wao ndio waliommaliza. Wakaanza kufunga visima mwaka 1994. Korongo hawakurudi kwa urahisi. Ukavu ambao watu waliuhurumia ndio uliokuwa ukuta wa nyumba yake.

Baba mkubwa hakusikia habari ya Kruger. Lakini "nilibazoeza" yake inasema jambo hilo hilo: kabla ya pipa lake, tohe wale walijua njia ya bondeni, na mwaka ule waliiacha.

Tulipoleta mambo haya darasani, katika somo la uraia, msichana mmoja wa mwaka wa tano aliinua mkono. Alisema: "Batu benyewe habana na mayi, na mwalimu anasema juu ya mayi ya banyama!" Darasa lote lilicheka, yeye hakucheka. Anaamka saa kumi ya usiku kwenda kuteka, kabla ya masomo. Robine ya kwao inatoa upepo tu.

Tulinyamaza kidogo, na tunasadiki kwamba kunyamaza kulikuwa sehemu ya jibu. Ferme ikivuta maji kwa ajili ya nyama ambao matajiri watakuja kuwapiga picha, na wanawake wa kijiji cha jirani wanapita kando ya ua na ndoo tupu, hatuwezi kuita hiyo ukarimu. Mtu ni wa kwanza. Lakini tulimwonyesha yule msichana jambo moja: tohe hakumnyang'anya maji. Yale ya baba mkubwa yalikuwa ya kumwagika, yangekuwa matope. Anayepaswa kuulizwa ni yule aliyeshika ufunguo wa pompi, na mara nyingi huyo hana mpango wa kumpa msichana wala tohe. Rebeka wa Biblia aliteka kwa ajili ya mgeni, kiisha kwa ajili ya ngamia wake, na hakuna aliyesema kwamba amewaibia watu wa mji. Ndugu zetu Waislamu wa Maniema wanasimulia pia habari ya mtu aliyejaza kiatu chake maji kumnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi. Msichana alisikiliza. Hatusemi kwamba alikubali.

Tusingeandika haya kama swali lisingaliturudia mwaka jana. Mwanafunzi wetu wa zamani, ambaye sasa ana ng'ombe wapata thelathini upande wa Lufira, alituuliza kama ni vizuri aweke birika kwa ajili ya nyama wa pori. Ameona wamebaki wachache. Anajua kwamba hata punda milia, katika nchi yetu nzima, wamebaki Upemba tu, katika Parke ya tangu 1939. Moyo wake ni mzuri. Tulimjibu kama tulivyojifunza kwenye kichuguu kile. Kisima cha wanawake wa kijiji kwanza. Birika la ng'ombe la pili, na awe mwangalifu, sababu ng'ombe na nyati wakikunywa pamoja wanaambukizana magonjwa ya midomo na kwato. Birika la nyama wa pori liwe la tatu, na kama tu ana uwezo wa kulijaza kila siku mpaka mvua ya kwanza, mwaka huu na miaka itakayofuata, hata mazutu ikipanda bei. Bunduki isikaribie pale. Kama hawezi kuapa hayo yote, awaachie njia zao. Paa mdogo wa kichakani anapata maji yake katika majani na umande. Hatuhitaji kumfundisha kututegemea.

Alitupigia simu kiisha wiki mbili. Kisima kimeanzwa, simenti imefika. Lakini kuna mambo mawili, alisema. Walinzi wake wameanza kuuliza juu ya nyama ya Noeli. Na tohe dume mmoja ameanza kuingia jioni kunywa katikati ya ng'ombe, bila mtu kumwita, bila birika la tatu.

"Sasa mwalimu," alituuliza, "ule naye ni mugeni?"

Hatujamjibu bado.